Jibu: Viungo vya somo kutofunguka kwenye kompyuta za maabara
Habari Mwalimu. Umeeleza kwamba somo lako la mzunguko wa damu, lenye maandishi, picha na video zilizounganishwa kwa viungo (sehemu za kubofya zinazofungua faili nyingine), hufunguka vizuri kwenye kompyuta yako, lakini ukilihamishia maabara kwa flashi, picha hazionekani na viungo havifunguki.

Kwanza kagua anwani zilizomo ndani ya viungo: zikianza na C:/Users, zinaelekeza kwenye kompyuta yako mwenyewe. Weka kurasa, picha na video zote katika folda moja, na kila kiungo kitaje jina la faili pekee, kama moyo.html. Tumia herufi ndogo bila nafasi, kwa sababu mfumo endeshi wa Ubuntu, tofauti na kawaida ya Windows, huhesabu Moyo.html na moyo.html kuwa faili mbili. Hilo lilinipotezea vipindi viwili vya Kidato cha Pili.

Lililo zito zaidi kwangu ni wingi wa viungo. Wanafunzi wangu walipokuta zaidi ya kumi katika ukurasa mmoja, walisahau swali walilokuwa wakilitafutia jibu. Nilibakiza vitatu, kimojawapo cha kurudi mwanzo, na swali nikaliandika juu ya kila ukurasa. Haya nimeyajaribu kwenye kompyuta tu, si kwenye simu.