Re: Kezilahabi kuacha vina ni mambo ya Marekani?

Mkuu umeuliza kama Kezilahabi, yule mshairi na mwandishi wa riwaya wa Tanzania, aliacha vina na mizani kwa sababu ya kukaa sana Marekani, mi nadhani hapo umegeuza kalenda. Kichomi, diwani yake ya kwanza ya mashairi, imetoka 1974, jamaa hajaenda hata kusoma chuo cha Wisconsin huko Marekani, pale alimaliza PhD 1985. Kwa hiyo lile zogo lote la wazee wa vina (washairi wa kimapokeo) kumkasirikia lilianzia hapahapa Bongo.

Ukitaka kumwelewa anzia Ukerewe bana. Kazaliwa 1944 kijijini Namagondo, kisiwani, ziwa limekuzunguka kila upande na nyumbani mnaongea Kikerewe, Kiswahili unakuja kukutana nacho baadae, sio kama mtoto wa Lamu au Mombasa ambaye utenzi ameusikia toka yuko mgongoni kwa bibi yake. Sasa mtu kama huyo vina sio urithi wake kivile, ye alichobeba ni maongezi ya kijijini, ndo maana mistari yake inasomeka kama mtu anakuhadithia tu mmekaa nje jioni (haya ni maoni yangu, msinirukie).

Ughaibuni kulimuongezea falsafa, hilo sikatai, we soma diwani yake ya Karibu Ndani ya 1988 utaona maneno yamepungua ila kichwa kinauma zaidi 😅. Halafu akaenda kufundisha Botswana miaka kibao, na diwani ya Dhifa ya 2008 imetoka akiwa hukohuko, bado alikuwa anaandika Kiswahili.

We anza na Kichomi, ukikwama njoo tuijadili.