Divai Inayokakasa Ulimi: Je, Imeharibika?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Toulouse, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Jirani yangu, mwenyeji wa huku, alinizawadia chupa ya divai nyekundu iitwayo Madiran, yenye umri wa miaka mitatu. Funda la kwanza tu lilinikausha kinywa kizima, kana kwamba nimetafuna bibo bichi. Nilikuwa nakula samaki wa kukaanga wenye pilipili nyingi, nikaona afadhali maji. Je, divai hiyo imeharibika, au ni mimi nisiyejua kuinywa? Jirani amenialika kwake Jumamosi, na najua ataniuliza.
Msomaji, Toulouse

JIBU: Ndugu Msomaji, divai yako ni nzima. Iliyoharibika ungeijua kwa pua kabla ya ulimi, kwa maana hunuka siki au boksi lililoloa maji. Ulichokutana nacho ni ukakasi, na katika Madiran ukakasi ndio tabia yenyewe. Divai hii hutoka kwenye vilima vilivyo kaskazini mwa mji wa Pau, karibu na milima ya Pyrenees, na jina lake limelindwa kisheria tangu mwaka 1948. Zabibu yake kuu ni Tannat, yenye tanini, yaani viambata vinavyoleta ukakasi, nyingi kupita zabibu nyingi nyingine za Ufaransa. Tanini hizo, zilizomo kwenye maganda na kokwa, hushikana na protini za mate, nayo mate yakapoteza utelezi wake. Usiuchanganye ukakasi na uchachu: uchachu hukujaza mate mdomoni, ilhali ukakasi huyakausha.

Jambo hili unalijua tangu nyumbani. Chai ya rangi iliyosahaulika jikoni ikachemka mno hukakasa ulimi, lakini ukiitia maziwa hutulia, kwa sababu tanini zimepata protini nyingine ya kushikana nayo. Nyama na jibini huifanyia Madiran kazi hiyo hiyo, na mafuta na chumvi huilainisha zaidi. Ndiyo maana wenyeji huinywa na miguu ya bata iliyolazwa katika chumvi, ikapikwa polepole kwa saa kadhaa ndani ya mafuta yake yenyewe, kisha ngozi ikakaangwa hadi ikawa kavu. Huiandaa pia na cassoulet, ile sufuria nzito ya maharage meupe, soseji na nyama. Kwa upishi wetu, mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta atafaa sana, mradi pilipili ikae mbali, kwani pilipili huzidisha ukali wa kileo na ukakasi kwa pamoja. Samaki naye, akikutana na divai nyekundu nzito, mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Wewe uliwakusanya maadui wote wawili katika sahani moja.

Watengenezaji wenyewe wamehangaika na ukali huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Patrick Ducournau wa huko huko Madiran alibuni njia ya kupitisha viputo vidogo vya oksijeni ndani ya divai ili tanini zilainike. Nyumbani, ifungue saa mbili kabla ya chakula na uimimine kwenye jagi pana. Iwe na nyuzi 16 hadi 18. Wanaosema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, mimi siwaungi mkono, maana ikipata joto kileo hufunika kila kitu. Itazame kwanza rangi yake, nyeusi kama zambarau zilizoiva, uinuse, kisha unywe funda dogo baada ya tonge la nyama, si kabla.

Kama chupa ina kilichobaki, irudishie kizibo, uiweke kwenye friji na kuionja tena kesho yake. Madiran changa mara nyingi hupendeza zaidi siku ya pili. Na jirani akikuuliza, mwambie tu kwamba uliinywa na samaki. Atakuelewa.