Usikunje mpira wa maji mapema: miche mipya na kiu ya kabla ya baridi

Majani yanapoanza kupukutika na jua kupoteza makali, wengi hukunja mpira wa maji wakauweka stoo. Nami nilifanya hivyo mwaka nilioanza bustani. Nilikuwa nimepanda miche kumi na miwili ya maua ya kudumu, yale yanayochipua upya kila mwaka: ekinasea, hosta, salvia na heukera. Niliimwagilia kwa wiki moja hivi, kisha hewa ikapoa, majani yakawa kahawia, nikajiambia imeshalala. Theluji ilipoyeyuka, miche saba haikuamka.

Niliilaumu baridi mpaka nilipoing'oa. Kila mche ulitoka na bonge la udongo lenye umbo lile lile la kopo nililonunua nalo, mizizi imejizungusha humo humo, hakuna hata mmoja uliopenya kwenye udongo wa bustani. Bonge lenyewe lilikuwa jepesi na kavu kabisa, ilhali udongo uliolizunguka ulikuwa na unyevu. Niliumia sana, maana maji hayakuwa mbali.

Miche ya kununua aghalabu huoteshwa kwenye mchanganyiko mwepesi ambao ukishakauka hukataa maji. Unamwaga, yanapita pembeni, yanazama ardhini, na katikati ya bonge hakufiki hata tone. Kwa hiyo usipime unyevu kwa kugusa udongo wa kando. Chomeka kidole kwenye bonge lenyewe, karibu na shina, sentimita 5 hivi kwenda chini. Pakiwa pakavu hapo, mche una kiu, hata kama bustani nzima inaonekana imelowa.

Na usidanganywe na majani. Udongo hupoa polepole kuliko hewa, na mizizi ya mimea mingi huendelea kukua hadi joto la udongo lishuke kwenye nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Wiki hizo ambazo juu panaonekana pamekufa ndizo mche unazotumia kujishikiza. Usipowahi kujishikiza, ardhi itakapoganda, ikayeyuka, ikaganda tena, itausukuma juu kidogo kidogo mpaka mizizi ibaki wazi kwenye upepo. Heukera na wenzake wasiopoteza majani wana shida ya ziada: majani yao huendelea kupoteza maji wakati wa baridi, na mizizi haiwezi kunywa kutoka kwenye ardhi iliyoganda. Lazima waingie kwenye baridi wakiwa wameshiba. Tena udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko ule mkavu.

Kipimo ninachokifuata ni milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikiwemo. Naweka kopo la bati katikati ya tuta ili lipokee mvua, kisha nalipima kwa rula. Manyunyu ya kutwa nzima yanaweza kukulowesha wewe na nguo zako, lakini ndani ya kopo ukakuta milimita chache tu. Panapopungua naongeza mwenyewe. Wiki mbili za kwanza baada ya kupanda namwagilia kila baada ya siku mbili au tatu, halafu mara moja kwa wiki. Kila mche naupa maji kwa awamu mbili: namwaga kiasi polepole pale shinani, nasubiri kama dakika kumi bonge lilegee, ndipo namalizia. Hiyo subira ndiyo iliyoniokolea miche mingi kuliko wingi wa maji.

Mwagilia asubuhi, siku ambayo hewa imepita nyuzi 4, ili maji yazame kabla ya usiku wa barafu. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, punguza, kwa sababu huko maji hukaa. Lavenda hasa haitaki kusimama majini. Yenyewe naigusa kwanza kila mara, na mara nyingi naiacha. Mbolea ya kukuza majani iweke kando kabisa. Itachochea machipukizi laini ambayo barafu ya kwanza itayaunguza.

Matandazo ninayaweka mwishoni, ardhi ikishaanza kuganda, unene wa sentimita 5 hadi 8, nikiacha nafasi kuzunguka shina lisioze. Kazi yake ni kuifanya ardhi ikae katika hali moja, isigande na kuyeyuka kila siku mbili.

Sasa mpira wangu haukunjwi kwa kufuata kalenda. Naendelea kumwagilia mpaka siku ile nitakapochoma mwiko wa bustani kwenye tuta ukagonga na kukataa kuingia. Hapo nafunga bomba, nauinua mpira upande mmoja maji yote yatoke usije ukapasuka kwa barafu, ndipo naupeleka stoo.