Kamati imeshavunjwa na picha ninazo mimi: nitalipwaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea hapa Masasi. Mwezi wa nane nilipiga harusi Nachingwea, picha za mnato na video, tukakubaliana shilingi 900,000. Mwenyekiti wa kamati alinipa 250,000 siku ya tukio, akasema nyingine ni baada ya mnada wa korosho. Niliwatumia sampuli zenye nembo yangu kwa WhatsApp wachague za albamu. Minada imepita. Bwana harusi ananiambia nimwone mwenyekiti, mwenyekiti anasema kamati imeshavunjwa. Juzi nimezikuta picha zangu ukutani kwao, zimesafishwa kubwa, nembo imefutwa. Kuna jamaa kwenye kundi letu anauza programu ya kufunga picha ili nembo isifutike, shilingi 25,000. Je, inafaa? Na nikiwaanika kwenye status nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marahaba. Maswali ya namna hii huniijia kila mwaka minada ikielekea ukingoni, na karibu kila anayeuliza huanza na nembo. Sijapata hata mmoja aliyeanza kwa kuniambia Jumamosi yake aliiuza kwa nani, na kwa masharti gani.

Nembo ni kibao cha duka. Inasema kazi ni ya nani, basi. Simu ya kawaida siku hizi inaifuta kwa kidole wakati chai inapoa. Ukitaka sampuli zisisafishike, tuma ndogo kabisa, zinazotosha kuchagulia kwenye simu lakini zikikuzwa zinavunjika. Kwa hilo huhitaji programu ya mtu. Wewe ulituma kubwa, wakasafisha. Tuliache hapo, maana hata ungetuma ndogo usingelipwa.

Kinachoniudhi ni ile kauli ambayo naamini uliisema moyoni ulipopanda gari kurudi Masasi: "Picha ninazo mimi, watakwenda wapi?" Vijana wengi wanaishi juu ya kauli hiyo. Wanadhani wameshika rehani. Fundi cherehani akishika gauni ameshika rehani kweli, kwa sababu bila gauni mtu hatoki. Picha za harusi si hivyo. Ukumbi mzima ulikuwa na simu, na shangazi wa bibi harusi alishaweka keki kwenye status kabla haijakatwa. Hamu ya picha zako ilikuwa kali wiki ya kwanza. Wiki ya sita hela imeshaitwa na mabati na ada za shule, na nyinyi mnaongea kama watu wanaodaiana tangu utotoni. Ulichoshika kinaharibika mkononi kama samaki wa Mikindani bila barafu, na wewe unajiona tajiri.

Mimi nilianza na filamu ya picha 36. Tulizituma Dar kwa basi kwenda kusafishwa, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, basi lilisubiri kivuko pale Rufiji, na masika lilikuwa linaweza kulala njiani. Miaka ile hakuna mteja aliyeniuliza kwa nini nataka nusu kwanza. Filamu aliiona, nauli aliijua, matope aliyasikia redioni. Ikaja memori kadi, watu wakaona hakuna kinachotumika, "si unabonyeza tu". Mteja kusema hivyo namwelewa. Balaa ni kwamba na sisi tuliamini, tukaanza kuona haya kudai arubuni. Lakini arubuni haikuwa ya filamu. Ilikuwa ya siku. Ukishaandika jina la mtu kwenye Jumamosi fulani, umeshawakataa wengine wote, na Jumamosi ile hairudi hata kama harusi itaahirishwa.

Mwenye ukumbi analijua hili. Mpambaji analijua, MC analijua, mpishi ndiyo kabisa: bila hela hakuna sufuria jikoni. Wote hao wamekwishalipwa bibi harusi akiingia. Mpiga picha peke yake ndiye anayeambiwa "tutaonana", kwa sababu kazi yake inamalizikia baada ya sherehe na yeye mwenyewe amekubali kuhesabiwa hivyo.

Sasa tuione hiyo kamati. Siku nne kabla ya harusi, mweka hazina ana michango yote. Siku nne baada ya harusi ana daftari. Kilichobaki kinaliwa siku ya kuvunja kamati, tena kwa shangwe, na wewe huenda uliitwa ukawapige picha wakikila. Kamati haina anwani wala haishitakiki. Ni watu waliokutana chini ya mwembe wakatawanyika. Kwa hiyo usikubaliane na kamati kamwe. Kubaliana na mtu mmoja mwenye jina, bwana harusi au mzazi, mwenyekiti awe shahidi tu. Mimi nachukua nusu ya bei siku ile ya kuandika tarehe, na iliyobaki naipokea Alhamisi kabla ya Jumamosi ya harusi. Nabakiza kiasi kidogo cha albamu, ambacho mtu akinidhulumu nitakasirika lakini nitakula.

Na "baada ya korosho" si tarehe. Mwaka 2018 nilikuwa na harusi kadhaa za ahadi hiyo. Wakulima wakaigomea bei ya wanunuzi, serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasomba, halafu ukafuata uhakiki. Wateja wangu hawakuwa wezi, hela ilikuwa haijawafikia. Nilizunguka Newala na Tandahimba kwa pikipiki ya kukodi hadi mwaka uliofuata, na mafuta yalikula sehemu ya deni. Ujinga ulikuwa wangu. Tunawalaani watu wa kangomba, walanguzi wa korosho wanaomlalia mkulima kwa bei ya kutupa, lakini hata kangomba humpa mkulima hela mkononi. Mpiga picha anayefanya kazi yote kwa ahadi hajafikia hata bei ya kangomba.

Deni lako bado lipo. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, tofauti na wanavyokutisha mitaani kwamba bila karatasi huna kitu. Shida ya mdomo ni kuthibitisha, na hapo zile meseji zako ndizo mali, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kama ushahidi. Usifute chochote, na muamala wa 250,000 utunze. Andika ujumbe mmoja wa heshima kwa yule mliyekubaliana naye bei, na bwana harusi umtumie nakala: tulikubaliana hiki tarehe fulani, nimepokea hiki, imebaki 650,000, naomba mnipangie mafungu na tarehe. Akijibu "nivumilie hadi mwezi ujao", ameshakiri. Zile picha za ukutani zipige pia, zinaonyesha kazi waliipokea na wanaitumia. Akikaa kimya, nenda Mahakama ya Mwanzo ukafungue madai. Huhitaji wakili.

Polisi usiende. Najua kuna mtu atakushauri umfungulie jalada "akalale ndani kidogo", na kuna wengine wanaojiita wakusanya madeni, wanaokuja na sauti nene na kudai asilimia 30. Deni la kazi ni madai, si jinai. Ukianza vitisho, wewe ndiye utakayekwenda kujieleza.

Status ndiyo usiiguse kabisa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Alikuruhusu umpige harusini. Kumwandikia "tapeli" chini ya shela hakumo katika ruhusa hiyo. Nimeona mpiga picha mmoja huku kwetu akidai hela ya sherehe ya kuwatoa wali unyagoni, akaanika picha za mwali, mtoto wa miaka kumi, ili baba yake aone aibu. Deni lilikuwa la haki. Lakini tangu siku hiyo hakuna nyumba kijijini pale inayomruhusu aingie na kamera, na kusema kweli mimi mwenyewe ningemfungia mlango.

Jihadharini pia na hii biashara mpya ya kuuza mikataba. Kijana mmoja aliniletea wake, kurasa sita za Kiingereza, kaununua shilingi 10,000. Ukurasa wa tano unasema mgogoro utaamuliwa kwa sheria za California. Mteja wake ni mkulima wa Nanyamba! Robo ukurasa ya Kiswahili inatosha: nani, tarehe, bei, nusu lini, nyingine lini, mkiahirisha inakuwaje, picha zinatoka baada ya siku ngapi. Sahihi mbili na shahidi. Hela iingie kwa lipa namba yako ya kazi, na uangalie salio kabla ya kusema asante, kwa sababu meseji ya muamala yeyote anaweza kuitunga.

Na huyo jamaa wa programu ya kufunga picha, muulize kama anakubali umlipe baada ya mnada. Nadhani atakwambia hatumi linki mpaka 25,000 yote iingie.