Re: Din Tai Fung Taipei na watoto, na bibi asiyekula nguruwe?

Mkuu, mgahawa huo unafaa, ila bibi mwagizieni xiaolongbao za kuku (vifuko vya unga vya kupikwa kwa mvuke, ndani nyama na mchuzi) au tambi za supu ya ng'ombe, maana xiaolongbao za kawaida ndani ni nguruwe. Kama anataka halali kamili, tafuteni mgahawa wenye cheti.

Kwa watoto, cha kuangalia ni ule mchuzi wa moto uliofungiwa ndani ya xiaolongbao. Kifuko cha unga kina mikunjo 18, chembamba hadi ukikinyanyua unaona mchuzi ukicheza. Kiweke kwenye kijiko, toboa kwa kijiti, acha mvuke utoke, nyonya, ndipo ule. Wangu alibwia kizima, tukabaki kumpepea ulimi kwa menyu! Fikeni kabla ya saa sita, foleni ya mchana si mchezo.