Mtoto kafariki, mbona wanauliza ya nyumbani?

SWALI: Shikamoo dada, jirani yangu kafiwa na mtoto kwa nimonia, sasa mhudumu wa afya kaja anauliza wanapikia wapi, nani anashika hela, si kumsimanga huko? Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Marahaba, mpe pole sana jamani. Hatafutwi mchawi hapo mdogo wangu, faili la hospitali litaandika nimonia basi, haliandiki chumba kimoja na jiko la mkaa ndani maana baridi ya Julai unaijua, wala mama kusubiri baba arudi ndo itoke hela ya boda huku mtoto mbavu zinabonyea kila akihema. Hayo yakijulikana watoto wengine wa mtaa wanaweza kupona. Ila kuuliza matanga hayajaisha, hapo kakosea kabisa. Na ukiona mbavu zinabonyea hivyo usisubiri ruhusa ya mtu, kopa nauli, kimbia kituo cha afya.