Likizo ndani au nje ya nchi: hesabu zangu kutoka Dodoma

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kama nyumbani mko watu wanne au watano na mnaishi Dodoma, likizo ya mwaka huu ileni hapa hapa nchini. Kama uko peke yako, au wewe na mwenzio tu, safari ya nje inaweza kuwa na maana, tena maana kubwa. Nimesafiri kwa namna zote mbili, na watoto na bila watoto, na kila nikikaa na kalamu na daftari majibu yanakuja yale yale: safari ya nje inahesabiwa kwa kichwa, ya ndani inahesabiwa kwa gari.

Ukitaka kuvuka mpaka, kila mtu anakuja na bili yake. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na mtoto wa chekechea anahitaji ya kwake kama baba yake. Familia ya watu watano inatoa 750,000 kabla hamjajua hata mnakwenda wapi. Inafuata kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoidai, halafu viza, halafu tiketi, na kwenye ndege mtoto akishafika miaka 12 analipa nauli ya mtu mzima. Kwa wanaoota Ulaya, tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Ukinyimwa viza, ada hairudi.

Sisi wa Dodoma tuna mguu mwingine wa safari, nao ni kufika Dar. Treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, imetupa ahueni ya kweli tangu ianze kuja huku mwaka 2024. Daraja la kawaida ni 31,000, na ndani ya saa nne hivi umeshafika. Lakini ndege nyingi za nje huruka usiku wa manane au alfajiri, kwa hiyo kuna kulala Dar, kuna kula Dar, kuna teksi ya kwenda uwanjani na mizigo. Kisha siku ya kurudi ni hivyo hivyo. Nimeona bajeti nyingi za watu zikianzia uwanja wa ndege wa Dar kana kwamba wote tunakaa Kipawa, jirani na uwanja. Anzia mlangoni kwako.

Sasa njoo ndani ya nchi. Hapa kitu kikubwa ni gari, na gari halijali mmekaa wangapi. Tuseme mmekodi gari la porini kwa laki nne kwa siku. Mkiwa wawili, kila mmoja anabeba laki mbili. Mkiwa sita, kwa kuungana na shemeji au jirani mnayeelewana naye, inashuka hadi chini ya elfu sabini kwa kichwa. Dereva ni yule yule, mafuta ni yale yale. Kiingilio cha hifadhi hakitawaumiza: Mtanzania mtu mzima analipa shilingi 10,000 kuingia Serengeti kabla ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT), wakati mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki anatoa dola 60 au 70 kutegemea msimu. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Kuna mambo mawili ya kukumbuka getini. Beba kitambulisho cha Taifa cha kila mtu mzima, maana bei ya Mtanzania ni ya anayethibitisha kuwa Mtanzania. Na malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, kwa hiyo hakikisha pesa iko kwenye simu kabla ya kufika mahali ambapo mtandao unakatika.

Gharama inayoua likizo ya ndani ni malazi. Hoteli za kifahari za hifadhini zimejengwa zikimlenga mgeni wa dola, na usiku mmoja mle unaweza kumeza bajeti yenu nzima. Msilale humo. Hifadhi zenyewe zina mabanda na hosteli zake ambazo Mtanzania analipia kwa shilingi, na miji ya karibu imejaa gesti safi. Na mkitajiwa bei kwa dola, ulizeni kwa upole: kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Nilitajiwa dola mahali fulani, nikaitaja kanuni hiyo, na dakika hiyo hiyo bei ikageuka shilingi.

Watu wakisikia utalii wa ndani wanafikiria kaskazini na Zanzibar tu, na hapo mkazi wa Dodoma anakuwa ameshakata tamaa kwa umbali. Naomba tuangalie kwetu kwanza.

Chukueni barabara ya Kondoa. Siku hizi ni lami hadi Babati, na baada ya Kondoa mjini mnafika kijiji cha Kolo, pale pale barabarani. Hapo kuna ofisi ya Mambo ya Kale. Mnajiandikisha, mnalipa, mnapewa mwongozaji. Michoro ya miambani ya eneo hili imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na mapango yenye michoro yanayojulikana ni zaidi ya 150. Mwongozaji anaingia kwenye gari lenu, mnaacha lami, mnakwenda kama kilomita kumi za vumbi na mawe hadi Mungomi wa Kolo. Gari liwe limeinuka. Kisha ni miguu, kupanda kilima.

Juu kule mwamba umeinama kama ukumbi, na mwanzoni macho hayaoni kitu ila madoa mekundu. Mwongozaji ananyoosha fimbo bila kugusa, na taratibu mtu anajitokeza: mwembamba, mrefu kupita kiasi, kichwa kikubwa cha duara, mistari myembamba ikishuka mwilini. Halafu wa pili. Halafu mnyama. Mwanangu alisogea hadi pua ikakaribia jiwe, akauliza mbona hawana macho. Mwongozaji akamweleza kuhusu udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na mafuta, kuhusu watu walioishi kwa kuwinda ambao Wasandawe wa leo huhusishwa nao, na kwamba hadi sasa wazee wa maeneo yale hupanda pale kufanya tambiko la mvua. Hakuna kitabu cha darasa la nne kilichomfundisha historia namna hiyo. Ukienda, nakusihi usiguse michoro kwa mkono na usimwagie maji mwamba ili picha itoke vizuri. Rangi iliyodumu karne zote hizo inaondoka kwa upuuzi huo. Nendeni asubuhi, jua halijakolea, na kila mtu abebe maji yake.

Kutoka Kolo mnaweza kugeuza mkarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila mimi nashauri mlale Babati. Mtaona ziwa lenye viboko, na asubuhi mtashika barabara ya Arusha hadi Tarangire. Kati ya Julai na Oktoba nyasi zimekauka na mto Tarangire ndio wenye maji, hivyo tembo wanajikusanya kwa makundi makubwa katikati ya mibuyu. Sisi wa Dodoma tunaifahamu mibuyu, lakini kuona familia ya tembo imesimama kivulini mwa mbuyu mmoja ni jambo jingine kabisa.

Upande wa kusini kuna Ruaha. Barabara ya Iringa nayo ni lami, inapita Mtera juu ya bwawa, na hapo samaki wa kukaanga ni lazima. Kutoka Iringa mjini hadi hifadhini ni mwendo mrefu kidogo na sehemu yake ni vumbi, kwa hiyo msitake kwenda na kurudi siku moja. Laleni kwenye mabanda ya hifadhi, bebeni mchele, mafuta na vitunguu vyenu. Kwa uzito wa mfuko na kile mnachokiona, sijui safari inayoishinda hii kwa familia ya huku kwetu. Singida na ziwa lake la Singidani ni pa kupitia kama mna siku ya ziada. Kuku wa kienyeji wa pale wana sifa wanayoistahili.

Na nje je? Siwezi kuwaambia watu wasiende, maana najua nilichopata huko. Nje kuna mapumziko ambayo ndani hayapo: hakuna anayekujua. Hakuna binamu atakayesikia uko mjini kwao ukapaswa kwenda kusalimia, wala simu ya ofisini ya "nakuomba mara moja tu". Kuna pia vitu ambavyo huku havipo. Kule Kigali, makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi hayana kiingilio, na ukitoka mle huongei kwa muda mrefu. Ukitembea baadaye kwenye mitaa ya mji ule, ilivyofagiwa na kutulia, unaelewa jitihada iliyofanyika. Sikuhitaji mamilioni kuona hayo, na kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki viza si tatizo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka nje kwa mara ya kwanza ni kuanza na majirani. Nairobi unafika kwa basi kupitia Arusha na Namanga. Zambia na Malawi hatudaiwi viza, na Afrika Kusini tunaruhusiwa kukaa hadi siku 90 bila viza. Kuwa macho tu na fedha: shilingi moja ya Kenya inakula karibu 20 za kwetu, na sahani ya chakula inayoonekana rahisi kwenye menyu inaweza kuwa ghali kuliko ya Dodoma mjini.

Wanaofikiria Dubai kwa pakeji wasome mistari midogo. Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja akilala na mwenzake chumbani. Ukienda peke yako inapanda. Uliza kama viza imo, kama tiketi imo, chakula ni kifungua kinywa tu au vyote, na kama wakikunyima viza unarudishiwa kiasi gani. Majibu yaje kwa maandishi. Pakeji za ndani nazo ziulizwe hivyo hivyo, pamoja na swali moja zaidi: mnalipia gari zima au kiti?

Kuna likizo ya tatu ambayo wengi wetu hapa makao makuu tunaijua kuliko hizi mbili, ya kwenda kwetu kijijini. Mtumishi wa umma ana nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, na wengi huitumia kwenda kuwaona wazazi, jambo jema sana. Ila ile ni safari ya wajibu. Kuna sukari ya bibi, kuna ada ya mtoto wa kaka, kuna bati la kuongezea. Itengee fungu lake, na matembezi ya familia yatengee fungu jingine, hata kama ni elfu ishirini kila mwezi kwenye kikoba. Mkizichanganya, ya matembezi ndiyo italiwa kila mwaka, na watoto watamaliza shule hawajaona tembo.

Kama mmeamua Desemba, msingoje mwezi ufike. Mabasi ya Arusha na Moshi yanajaa watu wanaokwenda kula Krismasi makwao, treni nayo inajaa, na wenye magari ya kukodi wanajua hivyo. Kwa Tarangire na Ruaha ningesubiri Juni au Julai, shule zikifungwa na mvua zikiwa zimeisha. Desemba ningepanda Kondoa, mapema asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika.